Mkwe wa Sista Robi

Pale Itiryo walimwita nesi mwanafunzi, na walilisema jina hilo kwa namna ambayo mtu hawezi kujua anasifiwa au anachekwa. Kucheka kwenyewe kulikuwa na sababu. Mwanamke mwenye binti kidato cha nne, muuguzi wa miaka mingi, mikono yake imepokea nusu ya watoto wa kijiji, halafu jioni unamkuta ameketi juu ya jiwe mbele ya zizi la ng'ombe, spika za simu masikioni, anatikisa kichwa peke yake na kusema "ndiyo mwalimu, nimeelewa mwalimu". Ng'ombe nao wanamtazama. Nani asingecheka?

Robi alikuwa na stashahada ya uuguzi. Alikuwa akitafuta shahada, na alikuwa ameipata njia yake katika chuo kimoja cha Mwanza kilichochukua wauguzi walio kazini. Huachi kazi. Unabaki kituoni kwako, unasikiliza vipindi kwa simu jioni, unatuma kazi zako, na mara moja moja unakwenda chuoni kufanya mitihani na mazoezi ya wodini. Kwa maneno, ni rahisi. Waliobuni mpango huo hawakuwahi kukaa Itiryo, ambako ukigeuka kidogo tu simu inavuka mpaka yenyewe, inakukaribisha Kenya, na bando linakwisha mwalimu hajamaliza kusalimia darasa. Mahali pekee ambapo mtandao ulitulia palikuwa ni kwenye lile jiwe.

Jiwe lilikuwa la Mzee Mogesi, baba mkwe wake. Tangu ujana wake ndipo alipoketi jioni kuhesabu mifugo ikiingia. Na kwa Wakurya wa aina ya Mzee Mogesi, mkwe na mkamwana hawakai jiwe moja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, mkamwana haingii nyumba ya mkwe, wala hawatazamani usoni wakizungumza. Ni heshima, na heshima hiyo ina meno. Wengi siku hizi wameilegeza. Mzee Mogesi hakuilegeza hata kidogo, na Robi, ambaye aliolewa pale akiwa msichana, aliizoea kama mtu anavyozoea mlango mfupi wa nyumba yake mwenyewe.

Basi siku ya kwanza alipomwona mkamwana wake akizunguka uani na simu juu kama mtu anayetafuta nyuki, mzee aliondoka kwenye jiwe, akahamishia kigoda chake ng'ambo ya zizi. Tangu siku hiyo, kila jioni ya kipindi, jiwe lilikuwa tupu na limefagiliwa.

Wakitaka kuambiana jambo, walikuwa na mbwa. Mbwa huyo aliitwa Polisi, mvivu kupita kiasi, na sidhani kama kuna mbwa mwingine Mara nzima aliyewahi kuambiwa mambo mengi kama yeye. "Polisi," mzee angesema kwa sauti, akitazama upande mwingine, "mawingu ya Kenya yanakuja, na naona kuna nguo kwenye kamba." Robi angetoka akaanua nguo. Robi naye angeweka ugali na mtindi juu ya kigoda, akakohoa mara moja, akaenda zake. Mzee angekula, na baadaye Polisi angeambiwa kwamba mtindi wa leo ulikuwa umeiva sawasawa.

Hata ile safari ya kwanza ya Mwanza, Polisi ndiye aliyetoa ruhusa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekuja wakanung'unika: mke wa mtu aende mjini peke yake, kusoma nini tena, kwani sindano za digrii zinachoma tofauti? Felix, mumewe, hakupokea simu. Felix alikuwa Nyangoto, kwenye dhahabu. Alikwenda huko kuchimba kwa msimu mmoja, akapata mwanamke na nyumba nyingine, na msimu huo haujaisha mpaka leo. Watoto, Elia na nduguze, walikuwa shule za bweni. Mama mkwe alikuwa ameshazikwa. Katika boma lile kubwa lenye nyumba nne na zizi moja, walikuwa wamebaki watu wawili wasioweza kutazamana.

"Polisi," mzee alisema wazee walipoondoka, "huyu mama akienda, mimi na wewe tutakula kiporo. Si tutakula tu? Basi aende."

Robi alikuwa ndani akikunja nguo. Aliketi kitandani akalia, maana tangu mama yake afe hakuna mtu aliyekuwa amemwambia nenda.

Nasema haya ili ijulikane Robi alikuwa na nini, kabla ya kueleza alivyokipoteza. Hakuwa na mume wa kuhesabika. Wafanyakazi wenzake zahanati walikuwa watatu, tabibu na wahudumu wawili, watu wema waliokwenda kwao jioni. Wanafunzi wenzake walikuwa sauti za simu kutoka Kahama na Bukoba na wapi sijui, na kipindi kikiisha sauti zote hukatika kwa pamoja, unabaki unasikia ng'ombe wakicheua. Mtu aliyekuwa akijua kwamba leo Robi ana mtihani, aliyekuwa akimzuia jirani asipige redio, alikuwa ni yule mzee ng'ambo ya zizi. Hawakuwahi kuambiana hata "pole". Lakini alikuwepo.

Ugonjwa ulianza mwaka wa pili wa masomo. Robi aliuona kabla ya mtu yeyote. Alimsikia mzee akitoka nje mara kwa mara, akikawia nyuma ya zizi, akirudi akiguna. Aliona namna anavyoketi upande. Muuguzi yeyote angejua kwamba hiyo ni tezi dume, na kwamba ikiachwa, siku moja mkojo utaziba kabisa. Kwa mgonjwa mwingine angeuliza bila kupepesa: baba, mkojo unatoka vipi? Hilo ndilo swali pekee ambalo mkamwana hawezi kumuuliza mkwe wake, hata kwa kupitia mbwa.

Na mzee naye hakwenda zahanati kwa sababu hiyo hiyo. Zahanati ilikuwa karibu kiasi kwamba jogoo wake alisikika huko. Lakini ndani ya zahanati hiyo alikuwemo Robi.

Robi akamtafuta Ryoba, mtoto wa ndugu wa mzee, aliyekuwa akilima shamba la jirani. Akamweleza wazi: mpeleke Tarime, hospitali, apimwe tezi, usichelewe. Ryoba akaitika. Ila Ryoba naye kwa mzee ni mtoto, na mtoto hatamki maneno kama hayo mbele ya baba, tata kwa Kikurya. Alizunguka, akakuna kichwa, na mwisho akasema, "Tata, wanasema twende Tarime ukapimwe macho."

Wakaenda. Akapimwa macho. Mzee Mogesi alirudi na miwani, amefurahi, anaona mpaka kwato za ng'ombe upande wa pili wa bonde. Robi alipouona uso wa Ryoba alitaka kumpiga kwa mwiko.

"Shemeji, nilishindwa," Ryoba alisema. "Ungekuwa wewe ungesema?"

Robi aligeuka akaenda zake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa tayari.

Mvua za masika zilipoanza, mkojo ukaziba. Robi alirudi kutoka kazini mchana kula, akamkuta Ryoba mlangoni kwa mzee, na kutoka ndani sauti ya kuugua ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu mwenye umri ule. Tangu jana jioni, Ryoba alisema. Tumbo limevimba kama ngoma. Barabara ya kwenda Tarime ilikuwa imekatwa na maji, bodaboda zimerudi njiani. Tabibu alikuwa semina mjini na hakuweza kuvuka kurudi. Wahudumu wale wawili hawakuwa na ujuzi huo. Aliyejua kuingiza mpira wa mkojo pale kijijini alikuwa mmoja, naye amesimama uani na mwavuli, haruhusiwi kuvuka kizingiti.

Walimwita Mzee Marwa, rika la mgonjwa, maana rika halina aibu kwa rika. Mzee Marwa alikuja upesi, mtu ambaye amehasi madume ya kijiji kizima bila mkono kutetemeka. Robi akiwa nje ya mlango alimwelekeza kwa sauti ya chini: osha hapa, paka mafuta haya, shika hivi. Mzee Marwa aliuchukua ule mpira, akautazama, akatoka nao nje.

"Mama, nitamwua," alisema bila kumtazama. "Ng'ombe ni ng'ombe. Ingia wewe."

"Hatakubali."

"Nitamwambia tabibu amerudi. Nitamfunika blanketi usoni. Wewe ingia kimya, fanya, toka kimya. Siri hiyo mimi nitakufa nayo."

Hivyo ndivyo walivyokubaliana, wawili hao na Ryoba, kumdanganya mzee kwa ajili ya uhai wake. Mzee Marwa aliingia, akasema kwa sauti kubwa kwamba tabibu amevuka mto kwa mguu, Mungu ni mwema. Mgonjwa akaguna. Blanketi likafunika kichwa. Robi akavua viatu, akavuka kizingiti cha nyumba ambayo hakuwa ameiingia tangu aolewe, akapiga magoti.

Kazi aliijua. Aliosha, akavaa glavu, akafanya kila kitu polepole, hakutazama zaidi ya alichohitaji kutazama. Ni hapo mafunzo yake yalipomsaliti. Katika ile shahada, kwenye mazoezi ya wodini, kulikuwa na jambo moja walimu hawakulisamehe: usimguse mgonjwa bila kumwambia unachotaka kufanya. Mgonjwa ni mtu, si gogo. Mwambie. Hata kama amezimia, mwambie. Robi alikuwa amefanya mtihani wa jambo hilo mbele ya mwalimu, akarudishwa mara moja kwa kusahau, akalirudia mpaka likawa kama kupumua. Na sasa, mpira ukiwa mkononi, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Usiogope, baba. Naingiza mpira sasa. Vuta pumzi."

Chini ya blanketi, kuugua kukakoma. Mkono wa mzee uliokuwa umeshika ukingo wa kitanda ukalegea. Mzee Marwa alifumba macho. Mgonjwa akavuta pumzi, kama alivyoambiwa, na mpira ukaingia, na mkojo ukaanza kutoka, mwingi, mpaka tumbo likalainika.

Maji yalipopungua, Ryoba alimpeleka Tarime, safari hii bila macho kutajwa, akafanyiwa upasuaji, akapona vizuri. Kutoka hospitali hakurudi Itiryo. Alimwambia Ryoba ampeleke Nyambureti, wilaya ya Serengeti, kwa binti yake Waisiko. Ng'ombe wake wakasogezwa kwa Ryoba. Polisi alikaa siku kadhaa akinusa kigoda, kisha akawafuata ng'ombe.

Robi alimpigia Felix. Huko kulikuwa na kelele za mashine za kusaga mawe.

"Ulimgusa Tata?" Felix aliuliza.

"Angekufa."

Felix akakata simu.

Chuoni, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Alipomweleza mwalimu wake kisa chote, bila kutaja jina, mwalimu alimsifu mbele ya darasa. Uamuzi sahihi, alisema. Na hata kumwambia mgonjwa, sahihi. Wenzake wakamtumia viganja vya kupiga makofi kwenye simu. Mchungaji naye alimwambia hana dhambi. Tabibu alisema angefanya vilevile. Watu wote walimpa haki, na haki hiyo Robi alikwenda nayo nyumbani, akapika ugali wa mtu mmoja, akala amesimama. Alikuwa mpweke, na hakuna neno jingine la kuliremba. Jioni alikohoa kwa mazoea akiweka sahani chini, kisha akakumbuka hakuna wa kusikia.

Wazee wa ukoo peke yao hawakumpa haki. Walimwita wakamwambia pasipo ukali: jambo kama hili lina dawa yake, halikuanza kwako. Aliyekosa hutoa mbuzi, anakiri mbele ya mkwe wake, mbuzi anachinjwa, maneno yanaliwa pamoja na nyama, na mkwe anarudi nyumbani kwake. Robi alitaka kucheka na kulia. Kumbe ni mbuzi tu? Wangesema ng'ombe angetoa.

Alingoja amalize kwanza. Alifanya mtihani wa mwisho, akahitimu, akavaa joho Mwanza katikati ya watu waliokuwa wamekuja na shangazi na wajomba na vigelegele na mashada ya maua ya plastiki. Mpiga picha alimwuliza familia iko wapi ili awapange. Robi akasema piga tu. Wiki hiyo hiyo akapanda basi la kwenda Serengeti, akashuka njia panda, akanunua beberu mweupe kwa mfugaji, akapanda naye bodaboda mpaka Nyambureti.

Waisiko alimpokea kwa kumkumbatia. "Wifi! Mama Elia! Si ungesema unakuja?" Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, kivulini. Hakutoka. Robi hakwenda. Alisimama upande wa mbele, karibu na kona, na Waisiko akasimama kwenye kona yenyewe, akimwona huyu na yule. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, lakini maneno yalipita kwa Waisiko, kama inavyopasa.

"Shikamoo yake mpe," Robi alisema.

"Marahaba, anasema. Anauliza masomo yamefika wapi."

"Mwambie nimehitimu."

Akatoa picha kwenye mkoba, ile ya joho. Waisiko akaipeleka. Beberu akaanza kula maua ya Waisiko.

"Anasema kofia imekukaa," Waisiko alisema. Kisha, "Anauliza huyo mbuzi anayelia ni wa nini."

"Ni wa kwake. Wazee walisema. Mwambie nimekuja kukiri, ili arudi nyumbani."

Nyuma ya nyumba, mzee alikohoa. "Waisiko. Mbuzi hutolewa na mtu aliyekosa. Muulize nani amekosa."

"Mimi," Robi akasema.

"Mwambie hakukosa. Bila yeye ningekuwa kaburini, na Marwa angekuwa anakunywa pombe ya msiba wangu."

Robi alikuwa ameyatarajia hayo. Njia nzima alikuwa amelishika kosa lake, moja tu, la kweli, ambalo hakuna mwalimu wala mchungaji aliyeweza kumwondolea. "Mwambie kuingia sikukosa," alisema, na sauti ilikuwa inakatika. "Nilikosa kusema. Ningenyamaza, asingejua. Angebaki nyumbani kwake. Ni mdomo wangu, wifi. Hilo ni kosa. Mwambie achinje."

Waisiko hakupata nafasi ya kurudia. Mzee alijibu mwenyewe, taratibu.

"Mwambie nilijua kabla hajasema. Tabibu ana mkono mzito, aliwahi kunichoma sindano. Huyu alipogusa tu blanketi nilijua ni nani. Nikanyamaza, maana nilitaka kuishi. Kwa hiyo kosa la mdomo halipo. Nikimchinjisha mbuzi, nitakuwa nimekula nyama ya uongo, na nimemfanya mkosaji mbele ya watu. Sitaki."

"Basi arudi," Robi alisema. "Kama sijakosa, arudi."

Wakati huu mzee aliishusha sauti. Waisiko alitazama chini.

"Anasema bila mbuzi hawezi kukaa boma moja na wewe, wifi. Aibu haitoki yenyewe." Akafuta macho kwa kanga. "Na mbuzi hamtaki."

Robi alisubiri picha irudi. Waisiko alikwenda nyuma, akarudi mikono mitupu. "Amebaki nayo. Anasema picha anaruhusiwa kuitazama."

Dereva wa bodaboda alikuwa bado anangoja barabarani. Alimsaidia kumpakia beberu tena, akamfunga miguu, akashangaa. Alikuwa kijana mzungumzaji.

"Sista, si ulisema huyu ni wa kuchinjwa? Imekuwaje?"

"Hakuna aliyekosa," Robi alisema, na pikipiki ilipoanza kuondoka akaanza kulia.